Makomredi: chama cha Zanzibar kisichotimiza mwaka

Katika historia ya vyama tuliyosomeshwa skuli kulikuwa na Hizbu, yaani Zanzibar Nationalist Party, kulikuwa na Afro-Shirazi, kulikuwa na ZPPP (Zanzibar and Pemba People's Party) ya Mohamed Shamte, kisha yakaja Mapinduzi. Umma Party ilipata sentensi moja, tena mwishoni mwa aya: kwamba vijana wa Umma nao walishiriki. Mwalimu aliisoma mbio akafungua ukurasa mwingine. Kwangu mimi hilo lilikuwa jambo la ajabu, maana nyumbani kwetu Umma ndiyo iliyokuwa ikitajwa kuliko vyama vyote, na ikitajwa tu, ugomvi haukuwa mbali.

Nyumba yenyewe ilikusanya watu wa kila upande. Bibi mzaa baba alikuwa Hizbu wa kufa na kupona. Mumewe, babu yangu, alikuwa hamali bandarini na kadi ya Afro-Shirazi aliichukua tangu siku za mwanzo. Ami yangu, kitinda mimba wao, alikuwa komredi. Ndivyo walivyojiita vijana wa Umma na ndivyo wazee wa Unguja wanavyowaita mpaka leo, wengine kwa heshima, wengine kwa kuuma meno. Mama yake ami alilitamka neno hilo kama mtu anayetema kokwa.

Niseme mapema ninachokiamini, ili asiyekubaliana nami ajue aanzie wapi. Serikali ya Hizbu iliipiga Umma marufuku, na Umma haikufa. Ilikufa miezi miwili baadaye, upande wake uliposhinda, na walioifunga mlango ni wenyewe wenye nyumba. Sababu wanazozitoa nazijua, nimezisikia tangu utotoni. Bado naona walitoa kitu ambacho hakuna chama kingine visiwani kilichokuwa nacho, na hawakulipwa.

Kitu chenyewe hakieleweki bila kurudi nyuma kidogo. Waingereza waliiendesha Zanzibar kwa kabila. Baraza la Kutunga Sheria lilikuwa na viti vya Waarabu, vya Wahindi na vya Wazungu, na mpaka 1946 hakukuwa na Mwafrika hata mmoja ndani yake. Wa kwanza aliyeteuliwa alikuwa Sheikh Ameir Tajo. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili hata mgao wa chakula ulifuata kabila la mtu. Katika hesabu ya watu ya 1948, takriban robo tatu waliandikwa Waafrika, kama 17 kwa mia Waarabu, na Wahindi karibu 6 kwa mia. Lakini karani aliandika alichoambiwa, na watu walijua lipi la kusema kulingana na kilichokuwa kikigawiwa mwaka huo. Mtu aliweza kuwa Mshirazi leo, Mwarabu kesho, na mtoto wake Mswahili. Yote hayo yaliwezekana mpaka siasa ilipokuja na kumtaka kila mtu achague moja na abaki nalo.

Hizbu ilianza 1955, na inafaa kukumbukwa kuwa mbegu yake ilikuwa wakulima wa Kiembe Samaki, wala si majumba ya Mji Mkongwe. Hatimaye waliokamata usukani ni wasomi na wenye mashamba, akina Ali Muhsin Barwani, mhariri wa gazeti la *Mwongozi*. Chama kilihubiri kwamba raia wote wa Sultani ni wamoja bila kujali kabila. Upande wa pili, Februari 1957, ukazaliwa umoja wa Waafrika na Washirazi, yaani Afro-Shirazi, chini ya Sheikh Abeid Amani Karume. Julai mwaka huo ukafanyika uchaguzi wa kwanza, wa viti sita. Hizbu haikupata hata kimoja, na Ali Muhsin mwenyewe aliangushwa na Karume huko Ng'ambo. Mwisho wa 1959 Shamte na wenzake wakajitoa Afro-Shirazi wakaunda ZPPP. Januari 1961 kura zikaleta sare: viti kumi vya Afro-Shirazi, tisa vya Hizbu, vitatu vya ZPPP, na hao watatu wakagawanyika mpaka pande zote mbili zikawa na kumi na moja. Uchaguzi ukarudiwa Juni. Siku hiyo na zilizofuata waliuawa watu 68, wengi wao Waarabu, wengi wao huko mashamba.

Wazee wanaita miaka hiyo zama za siasa. Ukisikia Mzanzibari wa umri fulani akisema "wakati wa siasa", hazungumzii kampeni na mabango. Anazungumzia wakati watu walipoacha kuzikana. Wenye mashamba waliwafukuza maskwota, yaani wakulima waliokaa na kulima kwenye mashamba yao, waliopigia kura upande mwingine. Maduka yaligomewa. Gari la shamba lilijulikana ni la nani, na wa chama kingine angetembea kwa miguu kuliko kulipanda. Babu yangu alimbeba jirani yake wa Hizbu kwenye jeneza, jambo ambalo miaka mitano nyuma lisingemshangaza mtu, na wenzake wa tawini wakakaa wiki kadhaa bila kumwitikia salamu. Alipoenda bandarini hakupata wa kushika naye gunia upande wa pili, na gunia la karafuu si mzigo wa kuubeba peke yako siku nzima. Alisimulia hayo bila kinyongo, lakini hakuacha hata mara moja kutaja kwamba nyumbani mkewe alimwona shujaa kwa siku tatu tu, kisha akarudi kumwita mtu wa Afro.

Abdulrahman Mohamed Babu ndiye aliyeijenga Hizbu ikawa mashine ya kushinda. Alizaliwa 1924 hapa Unguja, damu yake mchanganyiko wa Kiarabu na Kingazija (watu wa visiwa vya Komoro), akafanya kazi ya ukarani kwenye shirika la wakulima wa karafuu, akaenda London mwanzoni mwa miaka ya 1950. Huko alisoma, akafanya kazi posta, akakutana na wapigania uhuru wa kila bara na kurudi 1957 akiwa na itikadi ya mrengo wa kushoto na mbinu za kupanga chama kata kwa kata. Hizbu ikamfanya katibu mkuu. Alianzisha matawi, akaandaa vijana, akazihusisha harakati na vyama vya wafanyakazi, akafungua njia za masomo Misri, China na Cuba. Vijana wa Hizbu walipoandamana kupinga kituo cha Wamarekani cha kufuatilia vyombo vya anga, nyuma yao alikuwepo yeye. Mwaka 1959 alikwenda China. Ali Sultan Issa akaenda kufungua ofisi ya chama Havana.

Hapa ndipo babu yangu alipokuwa akimkatiza ami. Hao makomredi mnaowapamba, alisema, ndio waliokuwa wakitupiga. Alikuwa na haki. Kabla ya 1963 vijana hao walikuwa mkono wa nguvu wa Hizbu, waliokesha kulinda mikutano na kuvunja ya wengine. Walioishinda Afro-Shirazi katika majimbo mengi ya 1961 ni wao na daftari zao za wapiga kura. Mwanachama wa Afro-Shirazi wa bandarini aliyewaona Juni 1961 hakuwa na sababu ya kuwaamini Julai 1963, na historia ya Umma inayopita juu ya jambo hilo inadanganya. Ami hakuwa na jawabu la maana. Alikuwa akisema tu kwamba walikuwa watoto na waliambiwa wanapigana na Mwingereza.

Mwaka 1962 Babu alishtakiwa kwa uchochezi akafungwa. Alipotoka mwaka uliofuata alikuta chama kinajiandaa kushika serikali na wakubwa wake wameshachoshwa na kelele za ujamaa. Wengi wa vijana wake waliamini kuwa kifungo kile hakikuwahuzunisha wakubwa hao hata kidogo. Ugomvi wa mwisho ulikuwa juu ya wagombea. Kambi ya Babu ilitaka Hizbu isimamishe watu wa kawaida, wa makabila mbalimbali, watakaoonyesha kwamba maneno ya umoja wa raia yana ukweli ndani yake. Uongozi ulikuwa na orodha yake. Katikati ya 1963, uchaguzi ukiwa mlangoni, Babu akajiuzulu na kundi zima likaondoka naye. Hapo ndipo ilipozaliwa Umma Party.

Uchaguzi wa Julai ulipita bila wao kugombea. Matokeo yake kila Mzanzibari anayajua kwa moyo: Afro-Shirazi ilipata zaidi ya nusu ya kura zote, karibu 54 kwa mia, lakini viti 13 tu kati ya 31. Hizbu na ZPPP wakachukua 18 na serikali, Shamte akawa waziri mkuu. Mfalme mwenyewe alikuwa mpya, Jamshid bin Abdullah, baba yake akiwa amefariki mwezi huo huo.

Nani walikuwa Umma? Walikuwa vijana, hilo kwanza. Kulikuwa na Waarabu wa mjini ambao baba zao walikuwa Hizbu, Wangazija, Washirazi, Waswahili wa Ng'ambo, watoto wa Pemba, makarani, waandishi, mabaharia, wafanyakazi wa vyama vya wafanyakazi vilivyomfuata Babu. Ali Mahfudh alikuwa amerudi kutoka mafunzo ya Cuba. Badawi Qullatein alitoka kwenye vyama vya wafanyakazi. Khamis Abdulla Ameir alikuwemo, na Salim Ahmed Salim, kijana wa Pemba mwenye miaka ishirini na moja. Waulize leo kabila lao na utapata orodha ndefu. Wakati ule, ami alisisitiza, ukimuuliza komredi kabila lake alikuuliza kazi yako ni nini.

Kazi ya ami ilikuwa mashine ya stensili. Alinieleza kwa undani kuliko alivyowahi kunieleza siasa yoyote. Karatasi ya nta ikichapwa kwa taipureta isiyo na utepe, herufi zinatoboa nta. Unaitandika juu ya pipa dogo lenye wino, unazungusha mkono, karatasi zinatoka moja moja. Ukizungusha kwa haraka wino unachafua. Ukienda polepole, nta inakauka na herufi zinaanza kufunga, hasa *o* na *e*. Joto la vyumba vya Mji Mkongwe likimenya nta mapema, karatasi za mwisho zinakuwa na sentensi zenye mapengo na wasomaji wanajaza wenyewe. Alizungusha ule mkono usiku, na asubuhi wino ukiwa bado kwenye kucha alikwenda kuchukua kikombe cha kahawa barazani, na mama yake akijua kila kitu kwa kutazama vidole. Abdulrahman Babu alikuwa na jarida lake la habari, *Zanews*, na siasa nyingi za Umma zilisafiri kwa karatasi za aina hiyo: mishahara ya mahamali, nani anamiliki karafuu, kwa nini mtoto wa skwota hana skuli. Waliandika kuhusu matabaka. Hilo ndilo lililowawezesha kukaa chumba kimoja.

Hapa lazima nitenganishe, maana neno "chama cha watu wa rangi zote" Afrika Mashariki lilikuwa limeshachafuliwa. Tanganyika, 1956, Gavana Twining aliwapa moyo walioanzisha United Tanganyika Party, kikiongozwa na Ivor Bayldon, ili kizibe njia ya TANU. Watu wa rangi zote walikaribishwa, ila kwa mizani ya Mwingereza: rangi tatu, viti sawa sawa, ijapokuwa Waafrika walikuwa karibu taifa zima. Mpiga kura wa 1958 na 1959 alilazimika kuchagua watu watatu, mmoja wa kila rangi. TANU ikauingia uchaguzi huo kwa mashaka na ikaufagia. Kenya nako, Michael Blundell alikuwa na New Kenya Group yake. Vyama hivyo vilichanganya rangi kwa hesabu, na hesabu ilipangwa na aliyekuwa anaondoka. Umma haikugawa viti vya rangi kwa sababu haikuwa na viti. Waliokusanyika hapo walikuwa wamekwisha kukosana na wazee wao, jambo ambalo UTP hawakuwahi kulidai kwa mtu yeyote.

Ila nisiwapandishe minarani. Umma haikupigiwa kura hata siku moja. Ilijiona ni kikosi cha mbele cha wafanyakazi bila kuhesabu ni wafanyakazi wangapi walioipa kazi hiyo. Nguvu yake ilikuwa mjini zaidi. Mashambani, na hata mitaa mingi ya Ng'ambo, Afro-Shirazi ndiyo iliyokuwa na watu. Na wale makomredi walikuwa na majivuno ya kusoma. Babu yangu aliwahi kunikumbusha kuwa siku komredi mmoja alipokuja bandarini kuwaeleza mahamali namna wanavyonyonywa, mahamali walimsikiliza kwa adabu, kisha mmoja akamuomba ashike upande wa pili wa gunia.

Hata hivyo, katika miezi ya mwisho ya 1963, Umma na Afro-Shirazi walianza kusogeleana. Vyama vya wafanyakazi vya pande mbili vilianza kuzungumza. Uhuru ukaja tarehe 10 Desemba 1963, bendera ya Sultani ikapanda, na serikali mpya ikaanza kujilinda. Iliwaachisha kazi polisi wengi waliotoka bara, wakabaki mjini bila mshahara wala nauli. Ilipitisha sheria ya kuvibana vyama. Siku za mwanzo za Januari 1964 ikaipiga Umma marufuku, ofisi zikapekuliwa, vifaa vikachukuliwa. Ami alisema walichukua hata chupa za wino. Babu akavuka kwenda Dar es Salaam.

Usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari watu wa John Okello, mzaliwa wa Uganda aliyeishi Pemba kisha Unguja, walivamia ghala za silaha za polisi Ziwani na Mtoni. Wengi wao hawakuwa na bunduki mpaka walipozichukua kwa polisi wenyewe. Umma kama chama haikupanga uvamizi ule. Asubuhi ilipofika vijana wake walijiunga, wakiwemo wachache waliojua kutumia bunduki, na mjini, hasa karibu na kituo cha polisi cha Malindi kilichochelewa kuanguka, mafunzo yao yalionekana. Ndevu zao, sare zao za mtindo wa Cuba na kelele zao za "Venceremos" ziliwafanya waandishi wa nje waseme kwamba askari wa Fidel Castro wameshuka Zanzibar. Hawakushuka. Walikuwa watoto wa Malindi na Vuga waliorudi nyumbani na nguo walizopewa Havana. Lakini Washington ilishaanza kuiona Cuba ya Afrika, na uoga huo ulizaa mambo makubwa kuliko Umma yenyewe.

Sultani aliondoka kwa meli yake, *Seyyid Khalifa*. Karume akawa rais, Abdallah Kassim Hanga makamu wake, Babu waziri wa mambo ya nje. Na mashambani watu wakauawa, maelfu kwa makadirio mengi, wengi wao Waarabu, na hesabu zinabishaniwa hadi leo.

Sijui namna ya kuandika sehemu hii nikamridhisha bibi yangu, Mungu amrehemu. Kaka zake wawili hawakurudi kutoka shamba Januari ile. Mtoto wake wa kiume alikuwa mjini amevaa kitambaa cha mapinduzi mkononi. Makomredi wenyewe wamekuwa wakisema kwamba walizuia mauaji mjini, walilinda nyumba, walisimama milangoni kwa watu wasiokuwa wa upande wao, na naamini hilo lilitokea, kwa sababu nimelisikia pia kwa waliolindwa. Lakini kulinda Mji Mkongwe si kulinda Unguja. Chama chenye Waarabu wengi kilijiunga na mapinduzi ambayo mtu aliuawa kwa kuwa Mwarabu, na hakuna karatasi ya stensili inayoweza kulifuta hilo. Ami hakujitetea mbele ya mama yake. Alikaa chumba cha uani miaka mingi na alikula chakula chake baada ya wengine kumaliza, na sikuwahi kumuona bibi akimpakulia mwenyewe.

Machi 1964 Umma ikajivunja. Wanachama wake wakaingia Afro-Shirazi, sasa chama pekee. Maelezo yao yalikuwa kwamba mapinduzi yanahitaji chama kimoja, kwamba kujitenga kungewapa maadui nafasi, kwamba wangeweza kuvuta Afro-Shirazi kushoto kutoka ndani. Okello alikuwa bado anaogopewa mwezi mmoja kabla, majeshi ya Waingereza yalikuwa Kenya na Tanganyika yakizima maasi ya wanajeshi, na Wamarekani walikuwa wakihesabu kila ndege kutoka Beijing na Berlin Mashariki. Ukiangalia kwa macho ya Machi 1964, uamuzi una mantiki. Nami nauona ni kosa. Afro-Shirazi ilikuwa chama kilichojengwa juu ya kabila kwa sababu ya dhulma halisi ya kabila, na wanachama wake hawakuwa na sababu ya kukubali kufundishwa na waliokuwa Hizbu mwaka mmoja nyuma. Umma ilipokuwa nje, ilikuwa mshirika. Ilipoingia ndani ikawa kundi la watu wenye asili zao, na asili hizo zilihesabiwa upya.

Miezi miwili haikupita. Tarehe 26 Aprili ukazaliwa Muungano, Babu akiwa safarini nje ya nchi. Wapo wanaosema Muungano ulikusudiwa hasa kuwadhibiti makomredi. Mimi nadhani ulikuwa na sababu nyingi, na hiyo ni mojawapo. Matokeo yake hayabishaniwi. Babu alipelekwa kwenye baraza la mawaziri Dar es Salaam, mbali na Unguja ambako nguvu yake ilikuwepo. Ali Mahfudh akaingia jeshi la Muungano. Salim Ahmed Salim akapelekwa balozi Misri akiwa na miaka ishirini na miwili. Wengine walipewa ubalozi, kozi, vyeo vya bara. Hawakukamatwa, walipandishwa vyeo, na kwa kuwapandisha vyeo wakatawanywa. Babu wa Dar es Salaam alikuwa mtu wa dunia: Desemba 1964 alisimama jukwaani Harlem pamoja na Malcolm X. Unguja hakuwa na hata tawi.

Huku visiwani Karume alirudisha hesabu ya kabila kwa njia yake. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Wangazija walivuliwa uraia na kutakiwa waombe upya, katika nchi waliyozaliwa na kuzikwa. Kwa wengi wa Umma hilo lilikuwa jina la mama zao.

Tarehe 7 Aprili 1972 Karume aliuawa Kisiwandui. Luteni Humud Mohamed Humud na wenzake walifyatua risasi, na serikali ikaamua kuwa waliopanga ni makomredi wa zamani. Babu alikuwa ameshaondolewa uwaziri Februari. Alikamatwa Dar es Salaam, Ali Mahfudh pia, na wengine kwa makumi. Kesi ya watu 81 ikasikilizwa Zanzibar mbele ya mahakama ya wananchi, bila mawakili wa utetezi. Babu na wengine waliokuwa bara walihukumiwa bila kuwepo, kwani Nyerere alikataa kuwapeleka. Alikuwa amekwisha kuwapeleka Hanga na Othman Shariff, mwanasiasa mwingine wa Afro-Shirazi, mwaka 1969, na hawakurudi hai. Babu alihukumiwa kifo mwaka 1974 na kukaa kizuizini bara mpaka 1978. Ami alichukuliwa wiki ya kwanza, akarudi baada ya muda mrefu, na kitu pekee alichokisema kuhusu alikokuwa ni kwamba mahojiano yote yalianza na swali moja: kabila lako?

Babu aliondoka nchini, akafundisha Marekani, akaishi London, akarudi 1995 kushiriki siasa za vyama vingi upande wa chama cha upinzani cha NCCR-Mageuzi. Alifariki London Agosti 1996 na kuzikwa Zanzibar.

Salim alikuwa waziri mkuu wa Tanzania, kisha katibu mkuu wa OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, kwa miaka kumi na miwili. Mwaka 2005, alipowania uteuzi wa CCM kugombea urais, yakafufuliwa maneno ya Hizbu na ya asili yake. Ilibidi aeleze upya kile alichokifanya akiwa na miaka ishirini, na katika malumbano yote hayo sikusikia wengi waliotaja kuwa chama alichokichagua wakati ule kilikuwa kile kilichotoka Hizbu kwa hasira, kikawachukua Waarabu, Washirazi na Wangazija pamoja. Niliwauliza vijana wa barazani kwetu mwaka ule kama wanajua Umma Party. Mmoja alidhani ni jina la gazeti. Mwengine alisema alisikia ni chama cha Waarabu.